Ngazi Arobaini za Mtu Mwenye Kifungo

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu, yule aliyeolewa kwa dobi, mwaka jana mvua zilipomfungia kwangu siku mbili nzima, tukawa hatuna la kufanya ila kukaa jikoni na kuzungumza. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Pale alipokwama yeye, na mimi nimekwama papo hapo.

Mjukuu wangu huyu, tangu mdogo, mzaha humpita. Si kwamba ana roho nzito, la. Anacheka sana, ila anacheka kesho yake. Ukimwambia neno la kuchekesha, anakukodolea macho kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita, kisha anauliza, "Kwa nini?" Ndiyo maana alipoolewa, hata mwezi haukuisha, wakwe wakambandika jina: Bi Kwanini. Na jina lenyewe hakulielewa mpaka alipofafanuliwa.

Nyumba aliyoolewa ndiyo hiyo hiyo nyumba ya kazi. Mbele kuna kaunta, na nyuma ya kaunta rafu za nguo zilizokunjwa, kila nguo na kitambaa kidogo chenye namba kilichoshonewa ndani ya kola kwa uzi mwekundu. Katikati chumba cha pasi, meza tatu ndefu zilizotandikwa mablanketi. Nyuma uani masinki ya saruji na kamba kumi na moja za kuanikia. Mzee dobi, baba mkwe wake, alikuwa mjane wa miaka minne. Mume wake ndiye aliyefua na kuanika. Pasi kubwa ilishikwa na mtu mmoja mwembamba aliyefanya kazi pale miaka thelathini, na kwa kuwa alipumua kwa kishindo kila alipoikandamiza, aliitwa Mvuke. Bi Kwanini yeye alishona zile namba.

Kazi ya mzee ilikuwa kupokea nguo na kuzitoa, lakini ukimwuliza mtaani, watakwambia kazi yake ilikuwa kusema. Mteja hakutoka mle bila kupewa lake.

"Alikuja mtu na shati lina doa," mzee husema. "Nikalifua siku ya kwanza, doa halikutoka. Siku ya pili, doa liko pale pale. Siku ya tatu nikalisugua kwa nguvu zangu zote. Shati likaisha lote, doa likabaki."

Mteja anaondoka ameshika mbavu. Bi Kwanini anabaki na sindano hewani.

"Likabaki wapi, baba, ikiwa shati halipo?"

"Ndipo pa kuchekea hapo!" Mvuke hupaza sauti kutoka kwenye meza yake.

"Hapo wapi?"

"Hapo doa lilipobaki!"

"Sasa si ndiyo ninauliza, lilibaki wapi?"

Mume wake huangukia kikapu cha nguo chafu kwa kucheka. Lakini mzee hakumcheka. Huweka kalamu chini akamweleza taratibu, kwamba doa ni kitu cha kukaa juu ya kitu, haliwezi kukaa juu ya hewa, na kichwa kikijaribu kuliona doa limekaa hewani kinateleza, na kule kuteleza ndiko kunakochekesha.

"Umeteleza?"

"Bado, baba."

"Basi utateleza kesho."

Na kweli, kesho yake, katikati ya kola ya mtu, huteleza, akacheka peke yake mpaka uzi unakatika. Alimpenda mzee yule kuliko alivyoweza kusema, maana ndiye mtu pekee aliyekuwa tayari kumweleza kitu mara tatu bila kupandisha sauti.

Sasa, mwaka mmoja likatokea balaa la gauni.

Mwuza nyama wa mtaa wa pili alileta aproni zake sita. Siku hiyo hiyo likaletwa gauni jeupe la bibi arusi. Jumamosi asubuhi mzee akazitoa nguo kwa mikono yake mwenyewe, na ilipofika saa nne bibi arusi akafungua mfuko mbele ya mashangazi zake, akachomoa aproni za buchani, moja baada ya nyingine, mpaka sita. Mwuza nyama naye alipofungua wa kwake alikaa kitako juu ya gogo la kukatia nyama, hajui kama anatukanwa au anaposwa. Mume wa Bi Kwanini alikimbia mtaa mzima na gauni begani, watu wakimpigia vigelegele.

Hilo lilichekwa. Lakini juma lililofuata mzee akampa mwalimu mapazia ya watu wengine. Na asubuhi moja akamwita Mvuke kwa jina la marehemu mkewe, mara mbili, na Mvuke akaitika kwa kuona haya. Hilo halikuchekwa na mtu. Mume wa Bi Kwanini akampigia simu dada yake.

Wifi huyo alikuwa muuguzi katika mji mwingine, mkubwa kwa mume wa Bi Kwanini kwa miaka mitatu, mtu wa maneno machache na hatua ndefu. Akafika Jumatano asubuhi, katoka zamu akaingia basi, katoka basi akaingia dukani. Macho mekundu, mkoba bado uko begani.

"Baba, nimekuja kukuchukua."

"Unipeleke wapi?"

"Kwangu. Una chumba chako, una kiti chako, kuna dirisha zuri."

"Nikafanye nini kwenye dirisha?"

"Ukae, baba. Upumzike."

Mzee akaipitisha mikono juu ya kaunta kama anayenyoosha shuka. Akasema, "Binti, ukinikalisha dirishani nitakuwa nimekufa, ila macho wazi."

Bi Kwanini akangoja mkia wa neno hilo, pale pa kuchekea. Haukuja. Ndipo alipoelewa kwamba mzee hatanii.

"Kichwa chako kimechoka," wifi akasema. "Haya, leo siku gani?"

"Siku ya kunichukua."

"Nauliza siku ya juma, baba!"

"Ya juma ni Jumatano, na wewe hujanywa chai."

Wifi akamgeukia mdogo wake. "Hapo alikuwa anatania au amechanganyikiwa?"

"Sijui, dada. Hata zamani nilikuwa sijui."

Wifi akafikiri, kidole shavuni. Kisha akasema, "Basi. Tusimulie ile ya mtu mwenye kifungo. Ile ya kila siku tulipokuwa wadogo. Mtu hawezi kusahau mwisho wa kitu alichokisema mara elfu. Ukiifikisha mwisho, narudi peke yangu. Ukikwama, jioni tunapanda basi sote wawili. Umekubali?"

"Nimekubali," mzee akasema, na uso ukamchangamka, kama mtu aliyeombwa kitu alichonacho mfukoni.

Bi Kwanini hakuwahi kuisikia hiyo, kwa sababu mama mkwe alipofariki mzee hakuisimulia tena. Akasogeza stuli. Mvuke akachomoa pasi yake akaja, mume akaja na mikono ina povu. Wote wakamzunguka mzee pale kaunta.

Mzee akaanza. Kulikuwa na mtu alinunua koti la mtumba, akatia mkono mfukoni, akakuta kifungo. Akakilinganisha na vifungo vya koti, si chake. Akasema, kifungo hiki kina mwenyewe, na mwenyewe anakitafuta. Akafunga mlango akaenda kumtafuta. Akafika nyumba ya kwanza, akatoka mama mmoja na makoti saba, wakajaribu koti la kwanza, matundu hayalingani. Wakajaribu la pili, rangi hailingani. Na mzee hakuruka koti hata moja. Mama akamwelekeza kwa kaka yake, kaka akamwelekeza kwa shemeji yake, shemeji akamwelekeza kwa jirani wa mkwewe, na kila mmoja alikuwa na makoti, na kila koti lilijaribiwa. Mvua ikamnyeshea, jua likamkausha. Akafika mwisho wa barabara kwenye nyumba ndefu yenye geti la buluu. Akabonyeza kengele. Juu kabisa, akasikia mtu anaamka. Mtu anavaa viatu. Mtu anaanza kushuka ngazi.

"Ngazi ya kwanza," mzee akasema, akapiga kaunta kwa kiganja: "Kwap. Ngazi ya pili. Kwap. Ngazi ya tatu."

Hakuruka na hapo pia. Ngazi zilikuwa arobaini. Mteja mmoja aliingia, akasikiliza mpaka ya kumi na saba, akaacha mfuko wake akatoka kimya kimya. Bi Kwanini alikuwa ameuma kidole. Ya thelathini na nane. Ya thelathini na tisa.

"Ngazi ya arobaini. Kwap. Mlango ukafunguliwa."

Mzee akaacha kiganja juu ya kaunta.

Wakangoja. Mzee akawatazama mmoja mmoja, akatazama mlango wa barabarani, akatazama tena nyuso zao.

"Halafu?" wifi akauliza.

"Halafu..." Mzee akajikuna kichwa. "Mbona mnanitazama hivyo?"

"Halafu nini, baba? Mlango umefunguliwa. Kuna nani?"

"Hapo," mzee akasema kwa sauti ndogo, "hapo ndiyo imefika."

Wifi akavuta pumzi ndefu. Hakufurahi, mjukuu wangu alinisisitizia hilo, kwamba wifi hakufurahi hata kidogo. Alimshika baba yake begani, kisha akaingia chumbani kwake kukusanya nguo.

Bi Kwanini akabaki na kichwa kizito. Akawaza hivi: mwisho upo, watu hawa wote wamekua nao. Akiupata, atamnong'oneza mzee, mzee atausema, na basi la jioni litaondoka na mtu mmoja. Akamfuata Mvuke kwenye meza ya pasi.

"Mjomba Mvuke, mlango ulipofunguliwa, ikawaje?"

"Ah, hiyo inajulikana!" Mvuke akasema. "Akatoka mwenyewe, akakitazama kifungo, akasema, ahsante sana ndugu yangu, lakini mimi sikupoteza kifungo, nilipoteza koti. Na lile koti jamaa kalivaa mwilini!" Akapumua kwa kishindo, akacheka mpaka akapiga meza.

"Kwa nini anacheka?"

"Nani anacheka? Ninacheka mimi!"

"Basi wewe. Kwa nini?"

"Kwa sababu kazunguka dunia nzima kurudisha kidogo, na kikubwa amekivaa! Hata hilo nikueleze?"

Akashukuru, akakimbilia uani. Mume wake alikuwa anaanika shuka, vibanio mdomoni.

"Ni koti, sivyo? Alipoteza koti?"

"Koti gani?" mumewe akasema, akatema vibanio. "Mlango ulifunguliwa na mbwa. Mbwa mkubwa, mwenye manyoya mpaka machoni, amevaa koti, vifungo vyake vyote vimetimia."

"Mbwa alishuka ngazi amevaa viatu?"

"Ndipo pa kuchekea!"

"Na Mvuke anasema mwenyewe alikuwa mtu."

"Mvuke anajua nini? Mimi nimeisikia na masikio yangu haya, tangu sijaota meno!"

Bi Kwanini akasimama kati ya shuka mbili zilizolowa, hajui ashike lipi. Akimnong'oneza mzee la mbwa, Mvuke atapinga. Akimnong'oneza la koti, mumewe atapinga. Akaona heri amwulize huyo huyo mwenye kuamua. Akaingia chumbani. Wifi alikuwa anakunja mashati ya baba yake, anayakunja vizuri, kidobi hasa.

"Wifi, nisamehe. Ule mwisho ambao baba ameusahau, ni upi?"

Wifi hakuinua uso. "Mwisho wake ni mzuri kuliko yote. Mlango ulifunguliwa na mama."

"Mama gani?"

"Mama yetu. Akakichukua kifungo, akakitia kwenye mfuko wa aproni, akasema, haya, amka, nguo zimekauka." Shati likamtulia mikononi. "Nimeusikia mara elfu. Na leo baba hana habari nao."

Bi Kwanini akamtazama. Kuna kitu hakikukaa sawa, kama kola iliyopinda.

"Kwa nini alisema amka?"

"Nini?"

"Yule mtu kazunguka kutwa, kasimama mlangoni na viatu vyake. Kwa nini mama amwambie amka?"

Wifi akaliweka shati chini.

"Na viatu, wifi. Mama alivaa viatu gani?"

"Mabuti yake ya mpira, ya kufulia. Yalikuwa yanalia kwap, kwap, akitoka kwenye masinki..." Akaacha katikati. Akakaa kitandani, juu ya mashati. "Wewe."

"Mimi kitu gani nimefanya?"

"Twende kwa baba."

Wakakusanyika tena kaunta, na Bi Kwanini akauliza swali lake kama anavyouliza kila siku, ila safari hii hakuna aliyecheka: nani kati yao ameusikia mwisho huo akiwa macho? Mvuke akasema yeye. Kisha akasema, hebu kwanza. Ilikuwa ikisimuliwa lini? Saa nane, baada ya chakula, pasi zikiachwa zipoe. Wakiwa wapi? Wamelala juu ya mafurushi ya nguo safi, watoto katikati, Mvuke pembeni, wasije wakagusa pasi za moto. Na ngazi ya mwisho aliyoikumbuka ni ipi?

"Kumi na mbili," Mvuke akasema kwa aibu.

"Mimi tisa," mume akasema.

Wifi hakutaja yake.

"Mbwa basi, mbwa alitoka wapi?" mume akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Ulimwota," Bi Kwanini akasema.

Ndipo mzee akazungumza. "Mama yenu ndiye aliyenipa amri. Alisema, wewe sema tu, usifike, ukifika wataamka. Nikiziona ngazi zimeisha na mtoto mmoja bado jicho wazi, narudia toka juu. Kila nikifika mlangoni hakuna mtu, nasema peke yangu. Leo nimefika, natazama, mko wote, mmenitolea macho kama kuku. Nikachanganyikiwa."

Wakachanganyikiwa wote. Mvuke aliona uchungu kwa ile ya koti yake, maana ilikuwa nzuri. Lakini wifi alikuwa muuguzi, na muuguzi hakubali kwa maneno.

"Au mnamkingia kifua baba," akasema. "Hapa amepata udhuru tu. Sikilizeni. Mimi miaka kumi na mitano nakesha na wagonjwa, usingizi wa mchana siujui. Nitajilaza pale pale, asimulie kama zamani. Ngazi ya arobaini ikinikuta macho, tunaondoka. Ikinikuta nimelala, anabaki." Kisha akanyoosha kidole. "Na akibaki, nguo hatoi tena. Anayetoa nguo ni wifi yangu huyu, kwa namba. Yeye apokee na aseme."

"Nikubali?" mzee akamwuliza Bi Kwanini.

"Kubali, baba," akasema, ingawa hakuwa na hakika. Mtu wa kukesha miaka kumi na mitano!

Saa nane, kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe afariki, wakafunga mlango wa barabarani. Mvuke akatandaza mafurushi ya shuka zilizotoka kuanuliwa, bado zina joto la jua. Wifi akalala chali, mikono kifuani, macho yake kwenye dari kama taa mbili. Mume akajilaza, Mvuke akajilaza. Mzee akakaa katikati yao na mgongo ukutani.

Mtu akanunua koti. Makoti saba yakajaribiwa. Macho ya wifi wazi. Kaka, shemeji, jirani wa mkwe. Mume akaanza kukoroma ilipofika kwa shemeji. Mvua ikanyesha, jua likawaka, macho wazi. Geti la buluu. Kengele. Mtu anavaa viatu.

"Ngazi ya kwanza," mzee akasema taratibu, akipiga sakafu kwa kiganja. "Kwap."

Ilipofika ya sita, Mvuke alikuwa hayupo tena duniani. Bi Kwanini hakumtazama yeye, alimtazama wifi. Ya kumi na moja, wazi. Ya kumi na tisa, wazi. Ya ishirini na mbili, wifi akageuka ubavu, akavuta shuka moja mpaka kidevuni, akasema kama anayemjibu mtu wa mbali, "Nakuja, mama." Na hiyo ndiyo ngazi yake. Mkoba alikuwa bado ameuvaa begani.

Mzee hakuacha. Aliendelea mpaka ya arobaini, kwa heshima.

Bi Kwanini akainuka kwa ncha za vidole, akapita meza moja moja akiangalia plagi za pasi, zote tatu zimechomolewa. Alikuja kuambiwa baadaye kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mama mkwe saa hiyo. Kisha akarudi, akajiegemeza kwenye furushi la mwisho karibu na mzee.

"Baba," akanong'ona. "Mlango ulipofunguliwa, kweli hakukuwa na mtu?"

Mzee akafungua jicho moja. "Wamelala wote?"

"Wote."

"Basi sogea. Hili sijamwambia mtu, hata mama yenu." Akalamba midomo. "Mlango ulipofunguliwa, akatoka mtu, ameshika..."

Bi Kwanini akangoja. Kidevu cha mzee kilikuwa kimeshuka kifuani, usingizi umemchukua, mkono uko sakafuni pale pale ulipopiga ngazi ya mwisho. Ameshika nini? Kifungo? Lakini kifungo anacho yule aliyekuja nacho. Koti? Kamba ya mbwa? Akalifuata lile jambo polepole, kwa nini hiki, kwa nini kile, na ghafla, siku ile ile, bila kungoja kesho, kichwa chake kikateleza. Akajiziba mdomo asiwaamshe. Alicheka machozi yakamtoka, hajui anacheka nini, akaweka kichwa kwenye shuka yenye joto ili angoje mzee aamke amweleze, akalala.